Jinsi ya Kuwatazama Buibui wa Mitini Kando ya Njia ya Ardhioevu

Anayetembea kando ya ardhioevu hutazama mbali: ndege juu ya maji, matete yanayotikisika, upande wa pili wa bwawa. Buibui wako karibu zaidi, kwenye miti ile ile anayoipita, mara nyingi usawa wa uso wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa anayetaka kuwaona. Hatua zake zote zimejengwa juu ya kanuni moja: anza na mti, usianze na buibui. Anayemsaka buibui kwa kwenda mbio huishia kuwaona wale wakubwa waliokaa katikati ya tando zao, akawakosa wengi waliolala bapa juu ya gome mbele ya macho yake.

Miti ya pembeni mwa maji ina sababu ya kupendwa na buibui. Mbu, visubi, kereng'ende na wadudu wengine wengi hukulia majini, kisha hutoka wakiwa na mbawa na kutua kwenye kitu cha kwanza kilicho karibu, yaani jani, tawi au shina. Chakula kinatoka majini chenyewe na kuupandia mti. Ndiyo maana tando huwa nyingi zaidi kwenye matawi yanayoinamia maji.

Hatua ya 1: Chagua miti michache, uifanye yako

Usijaribu kuikagua njia nzima. Tafuta kipande kifupi chenye miti ya namna tofauti: mmoja unaoinamia maji, mmoja wenye gome lililokwaruzika na kupasuka, mmoja wenye gome laini, na mahali ambapo miti miwili imeachana kiasi cha kupitisha upepo. Kama njia ni ya mbao, ongeza pia mbao za kushikia mkono. Buibui huzitumia kama matawi, nawe unaweza kuzichunguza bila kukanyaga tope.

Mti mmoja upe angalau robo saa. Dakika za mwanzo utaona gome tu. Jicho likishazoea rangi na mistari ya gome lile, ndipo linaanza kugundua kisichofanana na vingine: kivuli chenye miguu, nundu iliyonyooka kupita kiasi.

Hatua ya 2: Enda kwa saa zao

Asubuhi na mapema ndiyo saa ya tando. Umande umezishika nyuzi, jua liko chini, na utando ambao mchana usingeuona kabisa unang'aa ukiwa mbali. Jua likipanda na mashina yakipata joto, wanatoka buibui warukaji, ambao huwinda kwa macho na wanahitaji mwanga. Jioni, giza linapoanza kuingia, buibui wengi wanaosuka tando za gurudumu, yaani za mviringo, huanza kazi. Ukisimama mahali pamoja unaweza kumtazama mmoja akisuka utando wake mwanzo hadi mwisho. Usiku una hatua yake hapo chini.

Siku ya upepo mkali iache. Nyuzi zinakatika, buibui wanajificha, na matawi hayatulii hata umtazame mmoja vizuri. Kwenye nchi za joto, wiki zinazofuata mvua ndizo zenye buibui wakubwa waliokomaa. Kwenye nchi za baridi, mwisho wa kiangazi na mwanzo wa majira ya kupukutika majani.

Hatua ya 3: Beba vichache

Daftari dogo na penseli, kwa sababu wino huchuruzika karatasi ikilowa. Kioo cha kukuzia mara kumi. Tochi, hata mchana, ya kumulika ndani ya mipasuko ya gome. Simu au kamera. Kipande cha kadi nyeusi cha kushika nyuma ya utando ili nyuzi zionekane. Suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu. Darubini pia inasaidia ikiwa inaweza kulenga kitu kilicho mita mbili tu kutoka kwako. Zile za kutazama mbali peke yake ziache nyumbani.

Hatua ya 4: Jipange na mwanga

Simama jua likiwa mbele yako, utando ukiwa kati yako na jua, na nyuma yake kuwe na kivuli. Kisha sogeza kichwa taratibu kulia, kushoto, juu na chini. Nyuzi huonekana na kupotea kulingana na pembe, kwa hiyo anayesogea ni wewe. Tawi liache lilivyo. Angalia pia kivuli chako kisiwapitie, maana wengi wao kivuli cha ghafla wanakichukulia kuwa ni ndege.

Wapo wanaorusha unga juu ya utando ili uonekane kwenye picha. Siwashauri kamwe. Unga unaziba matone ya gundi yanayonasa wadudu, na buibui anabaki na mtego usiofanya kazi. Kadi nyeusi na subira vinatosha.

Ukikuta utando usio na mtu, usiondoke. Tafuta uzi mmoja ulionyooka na kukazwa unaotoka kitovuni kwenda pembeni, uufuate kwa macho. Mara nyingi utakufikisha kwenye jani lililokunjwa, na ndani yake yumo mwenyewe, mguu mmoja umegusa uzi akingojea mtikisiko.

Hatua ya 5: Usome mti kutoka majini kwenda juu

Hapa ndipo muda wako mwingi utumike.

Anzia pale mti unapokutana na maji, kwenye mizizi iliyochomoza na sehemu ya chini ya shina. Tafuta buibui wavuvi, wa familia ya Pisauridae. Ni wakubwa, wana rangi ya kahawia, mara nyingi na mstari mweupe au wa maziwa pembeni mwa mwili. Mvuvi hutulia kichwa kikielekea chini, miguu ya nyuma imeshika mti na ya mbele imelazwa juu ya uso wa maji. Mawimbi madogo ya mdudu aliyeanguka humfikia kupitia miguu hiyo. Wengine huweza kukamata hata samaki wadogo na viluwiluwi. Akishtuka anaweza kuzama akishuka kwa kushikilia mzizi, mwili wake ukiwa umefunikwa na hewa iliyonaswa na vinyweleo. Akizama, simama kimya usogee nyuma kidogo, hatimaye atapanda.

Jike la mvuvi hubeba kifuko cha mayai kwa taya zake, kiko chini ya kifua. Buibui-mbwamwitu, ambaye pia utamkuta chini ya mti na kwenye majani yaliyooza, hubeba chake nyuma, kimeshikizwa kwenye vinundu vya kutolea uzi, na watoto wakianguliwa huwabeba mgongoni. Kwa tofauti hiyo moja unaweza kuwatenganisha majike wa familia hizi mbili ukiwa umbali wa hatua mbili.

Panda shinani. Kwenye gome, umbo la buibui ndilo linalosema anaishi vipi. Katika nchi za joto mtafute Hersilia, buibui mwenye vinundu viwili vya uzi virefu vilivyochomoza nyuma kama mikia. Hulala bapa, mara nyingi kichwa chini, rangi yake ikiwa ile ile ya gome au ya kuvu lililoota juu yake. Mdudu akipita karibu, Hersilia humzunguka mbio, mikia hiyo ikimwaga nyuzi, mpaka mdudu anabandikwa kwenye gome. Tendo hilo ni la sekunde chache tu. Kati ya yote yanayotokea shinani mwa mti, hili ndilo ninalomshauri mtu alingojee hata kama itamgharimu saa nzima.

Kwenye mipasuko ya gome na chini ya magamba yaliyoachia, mulika tochi kwa ulalo. Humo hujificha buibui bapa sana, miguu yao imetandazwa pembeni kama ya kaa, wenye kugeuka na kutoweka kwa kasi isiyofuatika kwa macho. Mulika tu, usibambue. Gamba likishang'olewa halirudi, na pamoja nalo yanaondoka makazi ya buibui, mende, mijusi na mayai ambayo hukuyaona. Mti uliobambuliwa na wageni wadadisi hubaki mtupu kwa miaka.

Warukaji wanapenda sehemu ya shina inayopigwa na jua. Huhitaji kioo kumtambua mmoja wao: ana macho mawili makubwa yanayotazama mbele, na ukimsogelea atageuka akutazame. Huyu ndiye buibui wa kuanza naye kama umekuja na mtoto au mtu mwenye hofu, kwa sababu hakimbii ovyo na anaonekana wazi kuwa anachunguza. Mfuatilie. Atamnyemelea nzi, atasimama, atabandika uzi kwenye gome, ndipo aruke. Ule uzi ni kamba yake ya usalama. Akikosa, ananing'inia nao na kupanda tena. Familia yao, Salticidae, ndiyo kubwa kuliko zote za buibui, ina spishi zaidi ya 6,000.

Kwenye mti wenye msafara wa sisimizi, wahesabu sisimizi miguu. Mmoja anaweza kuwa na minane: mrukaji mwembamba wa jenasi ya Myrmarachne au jamaa zake, anayetembea kwa kupindapinda na kuinua miguu ya mbele ili ionekane kama vipapasio vya sisimizi. Ukimkaribia anajisahau, anaruka au anashuka kwa uzi, jambo ambalo sisimizi kwa kawaida halifanyi.

Sasa matawi yanayoning'inia juu ya maji. Makao haya ni ya Tetragnatha, buibui wembamba wenye miguu mirefu na taya ndefu, wanaopatikana karibu na maji katika sehemu nyingi za dunia. Tando zao za gurudumu mara nyingi zimelala au zimeinama, zikiwanasa wadudu wanaopanda kutoka majini, na katikati yake kuna tundu. Akishtuka hukimbilia kijiti, akaunyoosha mwili na kulaza miguu yote mbele na nyuma mpaka ukiwa unamtazama unaona kijiti tu. Kwa hiyo kwenye kila utando mtupu wa aina hii, kagua kwanza vijiti vilivyo karibu. Dume lake lina taya kubwa zaidi zenye mwiba, na wakati wa kujamiiana taya za dume na jike hufungamana, hivyo jike hawezi kumuuma.

Mwisho ni mwanya kati ya mti na mti. Wadudu wanaoruka hupita hapo, na hapo ndipo tando kubwa zinapotandazwa. Nyuzi za rangi ya dhahabu ni za Nephila na Trichonephila; jike ni mkubwa, dume ni mdogo sana na yuko pembeni mwa utando huo huo, usimdhanie mtoto. Tazama pia kama kuna vibuibui vidogo vyenye mng'ao wa fedha kwenye nyuzi za pembeni. Hao ni Argyrodes, wezi wanaoishi kwa kuiba mawindo ya mwenye nyumba. Argiope hukaa kitovuni miguu ikiwa imeunganishwa miwili miwili ikafanya umbo la herufi X, na husuka mapambo ya uzi mweupe wa mshazari ambayo wataalamu bado wanabishana kazi yake. Gasteracantha ana mgongo mgumu wenye miiba.

Uzi mmoja unaovuka mfereji kutoka ng'ambo hadi ng'ambo usiudharau. Buibui huachia uzi upeperushwe na upepo mpaka unase upande wa pili, kisha anauimarisha na kuning'iniza utando. Bingwa wa kazi hii ni Caerostris darwini wa Madagaska, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2010, ambaye nyuzi zake za daraja huvuka mito hadi mita 25.

Hatua ya 6: Andika anachofanya kabla ya kuuliza jina lake

Kwa kila buibui andika tarehe, saa, hali ya hewa, mti, kimo kutoka ardhini au majini, upande wa shina, kichwa kimeelekea wapi, na utando una umbo gani. Andika pia alichokamata. Mabaki yaliyonasa kwenye utando yanaeleza wadudu gani walitoka majini usiku uliopita, na hiyo ni habari ya bwawa zima.

Usiuchokoe utando kwa unyasi ili atoke. Kila anapotoka bure anapoteza nguvu na anajianika kwa nyigu na ndege. Wengi hula utando wao wa zamani na kusuka mwingine karibu kila siku. Malighafi hiyo hawana ya kuichezea.

Hatua ya 7: Tafuta dalili za aliyeondoka

"Buibui aliyekufa" anayening'inia mara nyingi ni ganda alilolivua. Tazama sehemu ya kichwa na kifua: ikiwa imefunguka juu na kubaki kama kifuniko kilichoinuliwa, hilo ni ganda, na mwenyewe yuko karibu akiwa mkubwa zaidi. Aliyekufa kweli huwa miguu imekunjamana kuelekea tumboni. Buibui hunyoosha miguu kwa kusukuma majimaji ndani yake, na msukumo huo ukiisha miguu inajikunja.

Vifuko vya mayai viko chini ya majani, kwenye mipasuko, au vimening'inizwa. Viache mahali pake hata kama vinaonekana vimetelekezwa. Vyumba vya udongo vilivyobandikwa kwenye shina ni vya nyigu ambao huvijaza buibui waliopoozwa kwa sumu, wawe chakula cha funza wao. Na mahali penye unyevu kama hapa, geuza macho, bila kugeuza majani, kwenye upande wa chini wa majani. Ukiona buibui aliyefunikwa na manyoya meupe au ya rangi ya maziwa, umemwona aliyeuawa na kuvu la Gibellula, ambalo hushambulia buibui.

Hatua ya 8: Piga picha zinazoweza kutambulika

Picha moja ya mgongo haitoshi. Piga ya juu, ya uso ikionyesha macho, ya ubavuni, na ya tumboni kwa wale walio kwenye utando; kisha moja ya mbali inayoonyesha utando na mti. Mpangilio wa macho ndio mlango wa familia: wengi wana manane, baadhi sita, na safu zake hutofautiana. Tazama vile viguu viwili vifupi mbele ya mdomo. Vikiwa vimevimba nchani, huyo ni dume aliyekomaa.

Ukipakia picha kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe, ridhika na jina la jenasi. Spishi zilizoorodheshwa duniani zilivuka 50,000 mwaka 2022, na nyingi hutenganishwa kwa kutazama viungo vya uzazi chini ya hadubini. Jina la familia lililo sahihi lina thamani kuliko jina la spishi la kubahatisha.

Hatua ya 9: Rudi usiku, kwa tahadhari

Vaa tochi kichwani, usawa wa macho, au ishike kando ya jicho. Macho ya buibui-mbwamwitu na ya wavuvi yatakurudishia mwanga, vinukta vyenye rangi ya kijani au nyeupe kwenye majani makavu, mizizi na mashina. Fuata nukta moja polepole bila kuihamisha tochi, vinginevyo itazimika kwa kuwa pembe imebadilika. Wasukaji wa gurudumu nao wako kitovuni sasa, na wale ambao mchana kutwa hufanana na kisiki cha tawi sasa wanatembea.

Usiende peke yako, na pale penye mamba, viboko au nyoka wa majini usiende bila mtu anayelijua eneo. Karibu buibui wote wana sumu, lakini ni wachache sana ambao sumu yao ni hatari kwa binadamu, na kuumwa hutokea hasa buibui anapobanwa. Kwa hiyo usimshike, usiingize kidole kwenye tundu, na tazama kabla ya kuweka mkono kwenye mbao za njia. Utando uliokatiza njia, pita chini yake au kando yake. Kama haupitiki, ondoa uzi mmoja wa pembeni kwa kijiti. Mwenyewe atauvuta pembeni na kuusuka upya.

Hatua ya 10: Rudi maji yakipanda na yakishuka

Miti ile ile, kina tofauti cha maji: hapo ndipo daftari linapoanza kulipa. Maji yakipanda, buibui wa ardhini na wa majanini hukimbilia juu. Katika mafuriko ya mwaka 2010 mkoani Sindh, Pakistan, maji yalichelewa kupungua na buibui wakajazana mitini mpaka miti mizima ikafunikwa na tando. Kwenye njia yako mabadiliko yatakuwa madogo, lakini yanapimika. Chagua alama isiyohama kwenye kila mti, kwa mfano fundo la tawi, usipigilie msumari. Kila ukija, pima umbali kutoka alama hiyo hadi kwenye maji, na kutoka alama hiyo hiyo hadi kwa buibui wa chini kabisa na utando wa chini kabisa. Andika namba hizo hata kwa buibui usiyemjua jina, na andika sifuri siku ambayo mti hauna kitu.